Kula na kunywa karibu na altare: mwongozo wa adabu kwa anayekwenda Misani

Mgeni anayeingia katika kanisa Katoliki kwa mara ya kwanza huona jambo linaloweza kumtatiza. Ibada nzima inaelekea kwenye mlo: kuna meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, kuna mkate na divai, na baada ya sala ndefu waamini wanapanga mstari kwenda kula. Hata hivyo, katika umati huo wote hakuna aliyeshika kikombe cha chai, na mama anayempa mwanawe biskuti humpa kwa kuinama, kana kwamba anaiba. Maelezo yake ni mafupi. Wakatoliki wanaamini kwamba kinacholiwa altareni ni Mwili na Damu ya Kristo, na kwa sababu hiyo vyakula vingine vyote husogezwa kando ili kukipisha: kabla ya Misa, wakati wa Misa, na kwa kitambo kidogo baada yake. Sheria zilizoandikwa kuhusu kupisha huko ni chache, tena nyepesi. Adabu zinazozizunguka ni nyingi zaidi, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni watu kuchanganya sheria na adabu, wakamkaripia mgonjwa wa kisukari kwa kipande cha sukari anachoruhusiwa, ilhali wao wenyewe wameingia na chingamu mdomoni.

Dakika 60

Kanuni ya 919 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inamtaka anayekusudia kupokea Ekaristi Takatifu, yaani mkate na divai hiyo ya altareni, ajinyime chakula na kinywaji chochote, isipokuwa maji na dawa tu, kwa muda usiopungua saa moja kabla ya Komunyo, yaani kabla ya kuipokea. Lugha yetu ina mtego wake hapa, kwani «saa moja» ni muda na pia ni wakati wa siku, na wapo waliosikia tangazo hilo wakadhani wanakatazwa kula baada ya saa moja ya asubuhi. Kinachosemwa ni dakika 60, nazo huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia unapopokea Komunyo, si kuanzia Misa inapoanza.

Tofauti hiyo si ndogo. Misa ya Dominika inayoanza saa tatu kamili na kuchukua saa nzima na robo hufikia Komunyo karibu na saa nne, kwa hiyo aliyemaliza kunywa chai saa tatu kasorobo amekwisha kutimiza sheria kwa nafasi ya kutosha. Misa ya siku za kazi ndiyo inayowanasa watu. Inaweza kumalizika kwa nusu saa, na Komunyo ikaja dakika ya ishirini au ishirini na tano, hivyo mtu anayetoka kazini akitafuna njiani na kuingia moja kwa moja hana mfungo wa kutosha hata kama amewahi. Katika Misa kama hiyo ni busara kumaliza kula walau dakika 40 kabla ya kengele ya kuanza.

Kinachovunja mfungo ni chochote kinacholiwa au kunywewa: chai, kahawa, maziwa, maji ya matunda, soda, bia, peremende. Kahawa isiyo na sukari bado ni kahawa. Maji yanayosemwa ni maji ya kawaida, na yanaweza kunywewa wakati wowote, hata dakika moja kabla ya Komunyo. Dawa ni dawa hata ikiwa ni tamu, na hata ikibidi kumezwa wakati wa Misa. Kupiga mswaki hakuvunji chochote, na kwa hisani ya jirani yako kwenye benchi, usiache kupiga.

Wazee, wagonjwa, na wale wanaowahudumia hawafungwi na saa hiyo. Aya ya tatu ya kanuni hiyohiyo inasema wazi kwamba wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa iliyotangulia. Mwaka 1973 waliwekewa mfungo wa karibu robo saa, lakini sheria ya sasa haiutaji tena. Padre anayeadhimisha Misa mbili au tatu siku moja naye ameruhusiwa kula kidogo kabla ya Misa ya pili au ya tatu hata kama saa haijatimia, kwa hiyo ukimwona paroko akinywa kikombe cha uji kati ya Misa na Misa usipeleke mashtaka popote.

Historia ya mfungo huu husaidia kuelewa kwa nini wazazi na mababu wa imani huwa wakali zaidi kuliko sheria iliyopo. Mtakatifu Augustino, akiandika karibu na mwaka 400, alishuhudia kwamba tayari ilikuwa desturi ya Kanisa kila mahali kwamba Mwili wa Bwana uingie kinywani mwa Mkristo kabla ya chakula kingine. Kwa karne nyingi mfungo ulianza usiku wa manane, na hata maji yalikatazwa, jambo lililofanya wengi wahudhurie Misa ya asubuhi iliyochelewa bila kukomunika. Mwaka 1953 Papa Pio XII alitamka kwamba maji hayavunji mfungo tena, akafungua pia nafasi pana zaidi ya Misa za jioni. Mwaka 1957 akaweka saa tatu kwa chakula kigumu na vileo, na saa moja kwa vinywaji vingine. Na tarehe 21 Novemba 1964 Papa Paulo VI akapunguza vyote kuwa saa moja. Bibi anayekaa bila kula tangu usiku hadi Misa ya asubuhi anafanya jambo jema, na Pio XII mwenyewe aliwahimiza wanaoweza waendelee hivyo. Asichoweza ni kuwalazimisha wajukuu.

Ninasema hivyo nikiwafikiria hasa watoto wa Komunyo ya kwanza. Mtoto aliyetimiza miaka saba na mwenye kutumia akili anafungwa na sheria ya saa moja, basi. Kumwamsha alfajiri, kumvalisha nguo nyeupe, kumsimamisha juani kwa maandamano na kumnyima hata maji kwa kuwa «leo unampokea Yesu» ni njia ya hakika ya kumfanya azirai mbele ya altare. Mpe kifungua kinywa mapema, akimaliza kiweke mbali, na mpe maji kila anapoomba.

Ikitokea umesahau ukala, usijihukumu wala usijifiche chooni wakati wa Komunyo. Baki kwenye benchi, sali, na umpokee Bwana kwa tamaa ya moyo. Jirani mwenye adabu hakuulizi kwa nini hukwenda, na wewe huna wajibu wa kumweleza. Vilevile, aliyekadiria muda wake kwa uaminifu asiishi akitazama mshale wa saa kama mwamuzi wa mpira.

Kuhusu vileo sheria ya leo haiweki saa za ziada, lakini heshima inaziweka. Mkesha wa Noeli na Misa za ndoa za alasiri ndizo huleta aibu, maana watu huwa wameanza kusherehekea kabla ya kinachosherehekewa. Kikundi cha bwana harusi kinachopokea Komunyo huku kinanuka pombe kimetimiza dakika 60 labda, ila kimekosa kila kitu kingine.

Ndani ya kanisa

Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walipokutana kwa Karamu ya Bwana kila mmoja alitangulia kula chakula chake, huyu akabaki na njaa na yule akalewa. Akawaambia mwenye njaa ale kwake. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Laodikea katika karne ya nne, kwa kanuni yake ya 28, ulikataza karamu za upendo ndani ya makanisa. Augustino anasimulia jinsi mama yake, Monika, alivyofika Milano akibeba uji, mkate na divai kwenda kwenye makaburi ya mashahidi kama alivyozoea kwao Afrika, mlinzi wa mlango akamzuia kwa kuwa Askofu Ambrosi alikuwa amekataza, naye akatii bila kubishana. Kwa hiyo marufuku hii haikubuniwa na mhudumu wa mlangoni anayekuelekeza leo, na akikunong'oneza uweke chakula chako, njia ya Monika ndiyo nzuri.

Chingamu itolewe kabla ya kuingia, ifungwe kwenye karatasi na itupwe pipani. Anayeibandika chini ya benchi anamwachia kazi mtu atakayepiga magoti hapo kesho. Peremende ya kikohozi kwa anayekohoa kweli ni dawa, na ni heri kuliko kukohoa katika homilia (mahubiri) yote; peremende ya kupitisha muda ni chakula, na karatasi yake hupiga kelele kuliko mwenye kuila anavyodhani.

Chupa ya maji haikatazwi. Waimbaji wa kwaya wanaihitaji, wajawazito na wazee wanaihitaji, na mahali penye joto kila mtu anaweza kuihitaji. Adabu yake ni kuiweka chini ya benchi au ndani ya mkoba, kunywa funda moja au mawili watu wanapokaa, na kutokunywa wakati wa Injili, wakati wa mageuzo (sala ya kugeuza mkate na divai kuwa Mwili na Damu ya Kristo), wala ukiwa kwenye mstari wa Komunyo. Mtu wa somo asiende nayo mimbarini, na hakuna chupa, simu wala miwani inayowekwa juu ya altare, hata Misa ikiwa imekwisha na hata kama unapanga maua tu. Chai na kahawa hubaki nje hata kwa asiyekusudia kukomunika, kwa sababu harufu yake inasafiri na wengi waliokaa karibu naye wamefunga.

Mtoto mchanga hafungwi na lolote katika hayo. Januari 2014, akiwabatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko aliwaambia kina mama kwamba mtoto akilia kwa njaa wamnyonyeshe hapohapo bila wasiwasi, na aliirudia kauli hiyo miaka iliyofuata. Sidhani mhudumu wa mlangoni ana mamlaka ya kumtoa nje mama ambaye Papa amemruhusu. Kwa mtoto anayetembea mambo ni tofauti kidogo. Akiweza kuvumilia, alishwe kabla. Asipoweza, mtoe nyuma ya kanisa au ukumbini, mpe anachokula, kisha mrudi. Mkilazimika kubaki bencini, chagua kitu kisichotoa makombo wala mlio.

Makombo yana uzito wa pekee katika kanisa Katoliki, nami naona jambo hili halielezwi vya kutosha kwa wazazi. Waamini wanafundishwa kwamba Kristo yumo hata katika kipande kidogo cha hostia (mkate wa Misa) iliyogeuzwa kwa muda wote ambao umbo la mkate lingalipo. Mhudumu anapoona chembe nyeupe sakafuni karibu na mahali pa Komunyo hawezi kuipuuza. Huinama, huichunguza, hujiuliza. Biskuti iliyovunjwavunjwa katika njia ya katikati inamtia mtu huyo mashakani bure. Okota kila kilichoanguka kabla hujaondoka.

Mgonjwa wa kisukari anayehisi sukari imeshuka ale papo hapo, alipo, bila kuomba ruhusa. Anayemwona amsogezee maji.

Maji ya baraka yaliyo mlangoni ni ya kuchovya ncha za vidole na kufanya ishara ya msalaba kama ukumbusho wa ubatizo. Hayo hayanawishi mikono ya mtoto aliyeshika embe, wala hayatulizi kiu.

Wakati wa matoleo, mkate na divai huletwa altareni pamoja na sadaka za maskini na za mahitaji ya Kanisa. Ukileta chakula kwa ajili ya maskini, kifunike vizuri, chagua kisichovuja na kisichotoa harufu kali, mkabidhi padre au shemasi kwa mikono miwili, na usishangae kikiwekwa pembeni, kwa kuwa mwongozo wa Misale (kitabu cha sala za Misa) unaagiza kwamba vitu hivyo viwekwe mahali panapofaa mbali na meza ya Ekaristi. Usilete mkate wako wa nyumbani kwa kutaka ugeuzwe. Kanisa linatambua mkate wa ngano tupu uliookwa karibuni, ambao katika Kanisa la Kilatini hautiwi chachu, na divai halisi ya zabibu isiyoharibika. Hakuna unga mwingine wala tunda jingine linalochukua nafasi yake.

Kwenye mstari wa Komunyo

Hapa ndipo adabu ya kula inapogeuka kuwa ibada, na makosa mengi hutokana na haraka. Unapokaribia, toa ishara ya heshima inayotumika katika jimbo mlipo, kwa kawaida kuinamisha kichwa. Mhudumu ataonyesha hostia akisema «Mwili wa Kristo», nawe utajibu «Amina» kwa sauti inayosikika. Si «asante», wala kutikisa kichwa tu. Una hiari ya kupokea kwa ulimi, na mahali ambapo maaskofu wameruhusu, kwa mkono. Kwa ulimi, fungua kinywa vya kutosha na utulie. Anayemfuata mhudumu kwa kichwa ndiye anayesababisha hostia kuanguka. Kwa mkono, weka kiganja kimoja juu ya kingine kikiwa wazi, kama alivyofundisha Sirili wa Yerusalemu katika karne ya nne aliposema mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi kwa wa kulia unaompokea Mfalme. Usinyakue hostia kwa vidole. Sogea hatua moja kando, kula hapohapo mbele ya mhudumu, kisha tazama kiganjani kama kuna chembe iliyobaki, nayo uile. Mwenye mtoto mkononi au magongo apokee kwa ulimi, kwani mkono mmoja hautoshi.

Wapo wanaouliza kama hostia inaweza kutafunwa. Inaweza. Waliofundishwa zamani kuiacha iyeyuke walifundishwa uchaji, lakini kutafuna kwa utulivu si dhambi.

Hostia haibebwi kwenda bencini, haitiwi mfukoni, wala haikatwi ili kumgawia mwenzi au mtoto anayelia kwa kutaka «ile biskuti». Agizo la Vatikano la mwaka 2004 liitwalo Redemptionis Sacramentum linakataza waamini kujichukulia wenyewe au kupokezana mkono kwa mkono, hata maharusi katika Misa yao ya ndoa.

Kalisi, yaani kikombe cha divai iliyogeuzwa, inapotolewa kwa waamini, kunywa funda dogo sana, mrudishie mhudumu kwa mikono miwili, naye atafuta ukingo kwa kitambaa. Hakuna anayelazimika kunywa. Kanisa linafundisha kwamba Kristo mzima yumo katika umbo la mkate peke yake na katika umbo la divai peke yake, hivyo anayeacha kalisi kwa sababu ya mafua, ya ujauzito au ya vita vyake vya zamani na ulevi hakupungukiwa kitu. Divai iliyogeuzwa bado ina kileo chake, na ni wema kulikumbuka hilo. Usichovye hostia mwenyewe ndani ya kalisi. Ikiwa mhudumu ndiye anayechovya, Komunyo hiyo hupokelewa kwa ulimi tu.

Asiyeweza kula ngano ana njia mbili, na zote zinahitaji kuzungumza na padre kabla ya Misa wala si mstarini. Ya kwanza ni hostia zenye gluteni kidogo sana, ambazo ni halali. Zisizo na gluteni kabisa si halali, kama zilivyoeleza barua za Vatikano za mwaka 2003 na 2017. Ya pili ni kupokea Damu ya Kristo peke yake, ikiwezekana katika kalisi ya pembeni ambayo haikutiwa kipande cha hostia.

Hostia ikianguka, usipige kelele na usiikanyage. Simama, mwachie mhudumu aiokote kwa heshima. Ikimwagika Damu, mahali pale huoshwa kwa maji, na maji hayo humwagwa katika tundu maalumu la sakristia (chumba cha kuandalia Misa) linaloishia udongoni. Kazi yako wewe ni kupisha.

Asiye Mkatoliki, na Mkatoliki ambaye kwa sababu yoyote hawezi kukomunika, hubaki bencini, au mahali ambapo desturi ipo, huja mikono ikiwa imepishana kifuani apewe baraka. Mgeni aliyejikuta na hostia mkononi bila kujua amrudishie mhudumu kwa utulivu. Hakuna atakayemkasirikia, na kama yupo, kosa ni la huyo. Mwenyeji mwema humweleza mgeni wake haya nyumbani, kabla ya kumwacha ajitafutie njia katikati ya mstari.

Anayehudhuria Liturujia katika mojawapo ya Makanisa Katoliki ya Mashariki ajiandae kuona mengine: mara nyingi mkate wenye chachu, Komunyo inayotolewa kwa kijiko, watoto wachanga wakikomunika, na mwishoni vipande vya mkate uliobarikiwa lakini haukugeuzwa vikigawiwa watu. Atazame wenyeji wanavyofanya.

Ukirudi bencini, kaa kimya. Je, unaweza kunywa maji? Ndiyo, hasa hostia ikikwama kooni. Sheria haikuweka muda wowote baada ya Komunyo. Uchaji wa zamani huacha kama robo saa ya shukrani kabla ya kula kitu kingine, na mtu asiye na haraka hatapoteza chochote akiifuata.

Neno moja kwa walio sakristiani. Damu ya Kristo iliyobaki hunywewa yote na wahudumu baada ya Komunyo, haimwagwi popote; vyombo husafishwa na padre, shemasi au akoliti (mhudumu wa altare) aliyewekwa rasmi. Divai iliyo chupani ambayo haikutumika si kinywaji cha sakristia, na hostia ambazo hazijageuzwa, ingawa ni mkate tu, si vitafunio vya watumikiaji. Kijana aliyezila mkononi kama bisi Jumamosi atashindwa kuelewa kwa nini Jumapili anapiga magoti mbele yake.

Baada ya baraka ya mwisho

Jumuiya inayokula pamoja baada ya Misa inafanya jambo zuri, mradi milo miwili isiunganishwe. Agizo la 2004 linakataza Misa kuingizwa ndani ya mlo wa kawaida au kuadhimishwa kwenye meza ya chakula, isipokuwa kwa hitaji kubwa; na ikilazimu chakula kiliwe baadaye mahali palepale, pawe na muda wa kuonekana kati ya mwisho wa Misa na mwanzo wa mlo, na chakula kisiwe mbele ya waamini Misa ikiendelea. Kwa vitendo hiyo ina maana kwamba sufuria zikae mbali, zimefunikwa, na sahani zisianze kugongana wakati wa homilia. Wapishi nao ni waamini. Anayepanga shughuli awatafutie Misa nyingine au awape chakula kisichohitaji kukolezwa moto katikati ya mageuzo.

Ukumbini, subiri sala ya kubariki chakula. Wazee na watoto watangulie. Usipakie vya kubeba nyumbani kabla kila mtu hajapata, maana hilo ndilo lililomkasirisha Paulo kule Korintho, na halijaisha. Kuhusu vileo, uamuzi ni wa paroko, na huulizwa mapema.

Mwandalizi atazame kalenda pia. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za mfungo kwa walio kati ya miaka 18 na mwanzo wa mwaka wa 60, na za kuacha nyama kwa kila aliyetimiza miaka 14. Ijumaa nyingine ni siku za kuacha nyama, au kufanya toba nyingine kwa kadiri maaskofu wa mahali walivyoagiza, ila ikiangukia sherehe kuu. Mazishi ya Ijumaa ya Kwaresima yenye nyama peke yake mezani humweka mwombolezaji katika taabu asiyostahili. Mgeni aliyeandaliwa nyama bila kujua amweleze mwenyeji kwa sauti ndogo, ale vilivyopo vingine.

Kwa mgonjwa

Mara nyingi kilichobaki ukumbini hupelekewa wagonjwa ambao hawakuweza kuja, na siku hiyohiyo mhudumu wa Komunyo huwapelekea Ekaristi. Safari hizi mbili zitenganishwe. Mhudumu aliyebeba hostia katika chombo chake kidogo huenda moja kwa moja nyumbani kwa mgonjwa, bila kupitia dukani wala kusimama kupiga soga, na habebi kapu la chakula mkono wa pili. Mwingine alibebe, afike baadaye. Nyumbani, ondoeni vyombo vya chakula juu ya meza ndogo, tandikeni kitambaa safi, wekeni mshumaa kama upo. Mgonjwa na anayemuuguza hawaulizwi walikula saa ngapi. Glasi ya maji iwe karibu, kwa sababu kinywa cha mgonjwa huwa kikavu, na hata kipande kidogo cha hostia kinaweza kuhitaji funda moja la maji ili kimezwe.